Somo Yangu, Nani Alinijibu Siku Ile?

Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Hujambo huko Muscat? Magoti yanakwendaje na joto hilo, na mwanao na wajukuu hawajambo? Sisi huku Likoni twaamka, twaswali, alhamdulillah. Nakuuliza kwa moyo safi, maana hata nikiwa na uchungu nawe siwezi kuanza bila kukujulia hali.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu siiamini tena. Wala bahasha sikuibandika. Siri iliyokuwa yangu imeshajulikana, basi atakayekuletea barua hii aisome akipenda.

Wakumbuka jiko la shule kule Chaani? Rehema wawili, wapishi wa maharage, darasa la nane ndio mwisho wetu. Mwalimu wa Kiingereza alipohama akatuachia sanduku la mchezo wa kupanga maneno na kamusi isiyo na jalada. Herufi mbili zilikuwa zimepotea, wewe ukazikata upya kwa kifuniko cha ndoo. Sufuria zikishaoshwa na adhuhuri tumeiswali, twatandika mkeka, twacheza.

Maneno yale niliyakariri kama nilivyokariri juzuu amma ya Kurani chuoni. Nikikusomea, "Ai, mnyama wa mitini, mvivu, ana vidole vitatu," wewe hujibu, "Huyo ni wewe ukitumwa maji." Nikisema, "Zo, ng'ombe chotara wa milima ya baridi," wauliza kama maziwa yake yafaa kwa chai. Na ile Q iliyowasumbua walimu, kila mmoja akiitafutia U yake! Sisi tukaipanga bila U: qadi, faqir, waqf, qibla, niqab. Tukafungua kamusi, yote yamo. Ukacheka mpaka ukajishika mbavu, ukasema, "Kumbe Mzungu naye kapita chuoni."

Sheria uliiweka wewe. Mwenye kuweka neno aseme maana yake kwa kinywa chake. Akishindwa, aziokote herufi zake. Huo ndio uliokuwa mchezo wetu, pointi hatukuzijali sana.

Ulipohamia kwa mwanao tukahamia kwenye simu. Neno laja, na maana yake chini. Hapo chini ndipo nilipokuwa nikikumiminia yangu yote. Na mwezi wa Rajabu nikakuandikia kitu ambacho hata mume wangu sikumwambia: nimeona uvimbe kwenye titi, na daktari amekata kipande wakakipime.

Ukanijibu, "Usiogope, somo yangu. Aliyekuumba akujua kuliko daktari." Wallahi, maneno hayo niliyasoma kila nikimaliza alfajiri, mpaka siku ya kwenda kuchukua majibu.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita nilialikwa kupamba bibi harusi Kiembeni. Akaja Salha, binti wa ndugu yako, aliyekuwa akiishi kwako na sasa karudi. Akanibusu mkono mbele ya watu.

"Shikamoo, mama. Ule uvimbe, majibu yalitokaje?"

Wifi yangu alikuwa ameketi ubavuni mwangu. Kijiko kikamsimama mkononi.

"Wewe umejuaje?" nikamuuliza.

"Si tulikuwa tukicheza sote? Shangazi macho yamchoka. Alinambia nikuchezee, usije ukajiona mpweke."

"Tangu lini?"

"Tangu mfungo mosi, mama, baada tu ya Idi. Ile cwm yangu ilikuumiza, eh?"

Alicheka, masikini, hakujua afanyalo. Nami nikaikumbuka ile cwm, neno lisilo na irabu hata moja. Maana yake ilikuja ndefu, imenyooka kama ya kitabuni, "bonde la mviringo lililochimbwa na barafu," bila mzaha hata mmoja. Nilidhani Muscat imekutia adabu.

Miezi tisa, somo. Miezi tisa nazungumza na jina langu mwenyewe, na wewe humo ndani hukuwemo. Kama macho yalichoka ungeniambia, ningekuwa nakupigia tucheze kwa mdomo. Usiku ule mume wangu, keshaambiwa na dadake, alinitazama tu akasema, "Rehema, mimi nalala kando yako." Nilimruka yeye nikaja kwako, na wewe ukanisukumia kwa mtoto.

Kuna jambo moja sikumuuliza Salha, kwa sababu niliogopa jibu. Yale maneno ya "usiogope," ni nani aliyeyasema? Ni wewe uliyasoma yangu ukamwambia andika hivi? Au ni binti wa miaka ishirini aliyenihurumia, na wewe mpaka leo hujui kama niliwahi kuugua? Kama ni yeye, Mungu amlipe, ameniliwaza. Lakini mimi nilimshukuru mwengine.

Majibu ninayo. Yamo ndani ya lile sanduku, juu ya herufi zako mbili za kifuniko cha ndoo. Mume wangu ameyaona. Salha nilimwambia namuachia Mungu, nikainuka. Kwenye simu sikuyaandika, wala hapa siyaandiki. Ukitaka kuyajua utaniuliza mwenyewe.

Umeweka neno, somo. Sema maana yake kwa kinywa chako, au ziokote herufi zako.

Nijibu upesi, tafadhali, kwa mkono wako. Hata kama mwandiko umepinda nitausoma.

Wassalaam,
Somo yako, Likoni