Aya ya Saba Imepita

Dorota, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa Bunge la Ulaya, Strasbourg.

Ule waraka wa vipaumbele vya kundi letu, wa utamaduni, elimu na vijana, umepita. Kura zote! Na aya ya saba nilisahau kuijaza. Imeandikwa: "Hapa tuweke kitu kuhusu vijana."

Kitu kuhusu vijana, Dorota. Wabunge arobaini wamenyoosha mikono. Imeshatafsiriwa kwa lugha ishirini na tatu.

Mwenyekiti wetu, mzee Lambrecht, kanipa mkono: "Hongera mwanangu, hasa aya ya saba. Haina ahadi za uongo."

Nikadhani ananitania. Hatanii.

Sasa baraza la vijana limeandika. Wanakuja Jumatatu kukichukua hicho kitu, wanauliza wamwone nani.

Lambrecht kawajibu wanione mimi.