Karatasi ya Matobo

Butembo, 14 mars 2000

Yaya Vagheni,

Huku maharagi imekomaa muzuri, nitakutumia.

Juzi ku bariere ya barabara, basoda benye bunduki balikuta mu sakoshi yangu karatasi ya matobo-matobo, ile batoto bipofu ba darasa langu basomaka na vidole. Bakasema ni siri ya adui. Donc nikabasomea, baone ni ya masomo tu: majina ya batoto kumi na mbili. Komanda akaandika yote.

Leo asubui bamekuja ku masomo na ile liste ya komanda, bakaita majina. Nikaomba Mungu hata mumoja asiitike. Mais batoto bamezoea: kila mumoja akasimama, akasema "présent". Bakabapandisha bote mu kamyo.

Mutoto wako Syauswa aliitika wa kwanza, na sauti kubwa, vile nilimufundisha.

Ni mimi mudogo wako,
Kyakimwa