Kompyuta Uliyomwachia Neema

Papa Neema,

Sikuulizi hali, maana huko uliko hakuna anayeugua, na hilo ndilo tuliloliimba makaburini mpaka sauti zikakauka. Sisi huku Nateete tupo. Mvua zimeanza. Kibanda bado kinavuja pale juu ya meza yako, nami bado nategesha lile beseni la buluu badala ya kumwita mtu wa mabati. Najua ungenicheka: fundi wa kompyuta anashindwa na tundu la msumari.

Mke wako ndiye aliyenishauri nikuandikie. Aliniona nimekonda, akasema mtu akibaki na neno la marehemu kifuani litamkaba. Nilimwitikia tu kwa heshima, sikuwa na nia. Lakini Jumamosi hii limetokea jambo ambalo siwezi kumweleza mtu mwingine yeyote, hata yeye. Yeye hasa. Kwa hiyo nimekaa kwenye meza ya pili, ileile uliyonipa siku ya kwanza nilipokuja kujifunza kazi, na ninaandika.

Kwanza kazi. Baada ya mazishi wateja waliadimika. Wanafika mlangoni, wanachungulia, wananiita bibi kwa Kiganda, "Nnyabo, fundi yuko wapi?" Nikijibu kwamba fundi ni mimi, wanatabasamu, wanasema watarudi. Watu ambao nimewafungulia mashine zao miaka yote, wewe ukiwa unakunywa chai! Mchungaji ndiye aliyenitoa aibu. Aliniletea kompyuta ya kwaya, nikaitengeneza, akaitangaza kanisani, na tangu hapo wameanza kurudi mmoja mmoja. Nawakalisha kwenye kigoda vilevile ulivyokuwa ukifanya. Sigusi mashine ya mtu kabla mwenyewe hajasoma.

Ulivyowachosha watu na kusoma kwako, Papa Neema! Mtu ana haraka, anataka awekewe Windows aende zake, na wewe unamvuta kigoda. Unawasha mashine, unabonyeza kitufe kabla haijaamka vizuri, ukurasa wa maandishi unatokea, kisha unamwambia, "Prosesa iko jina gani? Soma na mdomo yako." Anasoma jina la huo ubongo wa mashine yake. Ndipo unamweleza ni mfumo gani mashine yake itauweza. Kuna mashine za zamani ambazo ukizipa mfumo wa biti sitini na nne zinakukatalia mlangoni, hapo angalau umejua. Mbaya ni ile dhaifu inayopokea mfumo mzito kwa adabu, halafu inakufa nao polepole kila siku mbele ya macho yako. "Mfumo unawekea prosesa," ulikuwa ukisema, "hauwekei stika."

Na stika za mjini tunazijua. Unamkumbuka yule mama muuza vitenge? Alikuja na laptopu yenye stika inayong'aa ya i7, prosesa ya nguvu na ya bei, ukamkalisha, akasoma herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza, na lililotoka halikuwa i7. Alilia pale pale. Mimi nilikununia mchana kutwa, nikakuambia ungeweza kumfichia. Ukanijibu, "Zawadi, mtu akijua yake anajipanga." Kisha ukaniambia niibandue ile stika, nikaiunguza kona kwa solda kwa hasira zangu, nawe ukaibandika ukutani pamoja na wenzake wa uongo. Ukuta mzima wa i7, na hakuna kompyuta hata moja. Wageni walidhani ni mapambo.

Sasa sikiliza.

Jumatano Mama Neema alikuja na laptopu ya Neema, ameifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Ilikuwa inawaka, inafika kwenye nembo, inaganda. Akasema, "Weka ile mpya kabisa, Zawadi. Baba yake alisema hii iko i7, inabeba kila kitu." Aliyasema haya mbele ya wanawake wawili wa kwaya, akahakikisha wamesikia. Sikushangaa. Nani asiyejua habari za laptopu hiyo? Uliinunua ukiwa mgonjwa, miguu imekuvimba, ukaenda Old Kampala na fimbo yako na ukakataa kabisa nikusindikize. Nilidhani unakwepa kelele zangu. Neema alikuwa amepata nafasi chuoni Nakawa, kusomea kuchora ramani za majengo, nawe ukampa mbele ya wageni, ukasema, "Chora, mwanangu, hii haitakuchoka." Tulikula fufu na sombe mpaka tukashindwa kusimama.

Mama Neema alipoondoka niliiwasha, nikabonyeza kitufe.

Celeron. Ndogo kabisa, ile ya kuandikia barua na kusikilizia mahubiri. Nikaizima, nikaiwasha tena, utadhani itabadili nia. Nikasema moyoni, wamemwibia mgonjwa, watu hawa hawana hata haya. Halafu nikaifunika, nikaitazama stika yake ya i7. Kona yake ilikuwa imeungua.

Nikageuka kutazama ukuta. Pale ilipokuwa imebandikwa palikuwa peupe.

Nilikutukana. Nisamehe, lakini nilikutukana kwa sauti mpaka kijana wa rolex, muuza chapati za mayai pale nje, akaacha mayai yake akaja kuchungulia. Wewe! Wewe uliyemliza muuza vitenge kwa sababu ya ukweli, ukabandua uongo ukutani ukambandikia mtoto wako mwenyewe. Nilitaka uwepo ili nikuulize. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba nilikuwa na swali na hukuwepo wa kuulizwa, na hapo ndipo nilipolia kilio ambacho msibani kilikataa kutoka.

Hasira ilipopoa nilikuona. Dawa zilikuwa zinakula kila kitu nyumbani kwako. Maji yalikuwa yamekufika shingoni, na wewe ulitaka mara moja tu, kabla ya kuondoka, uwe baba aliyetoa kitu kikubwa. Nilikuelewa, ndiyo. Lakini kuelewa hakukunisaidia, maana laptopu ilikuwa mezani na ilikuwa lazima niamue. Ningeweka mfumo mpya kama mama alivyotaka na kunyamaza. Mashine ingetambaa, Neema angeshindwa kuchora hata choo, lawama zingeniangukia mimi na jina lako lingebaki safi. Au ningesema wauzaji walikulaghai, na Kampala nzima ingeniamini. Au ningesema kweli. Marehemu hasemwi vibaya, tumefundishwa hivyo sote, na mtu aliye kaburini hawezi kujitetea. Siku mbili sikula vizuri kwa ajili yako.

Mwisho nikashika lile moja ninalolijua. Nikampelekea Mama Neema ujumbe kwamba mwenye mashine aje mwenyewe, akae, asome. Akanijibu kwa simu amekasirika, "Hata sisi? Hata mtoto wa mwenye kibanda?" Nikamwambia hasa huyo.

Jumamosi Neema akaja, taksi mbili kutoka Nakawa, viatu vimejaa tope. Alikaa kwenye kigoda bila kuambiwa. Amechukua kidevu chako, Papa Neema, na ile tabia yako ya kunyamaza mpaka mtu mwingine ajisikie mkosaji. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya wauzaji walaghai, nzuri, yenye machozi kidogo. Nikawasha, nikabonyeza, ukurasa ukatokea. Nikamwambia, "Soma."

Hakutazama kioo. Alinitazama mimi.

"Ni Celeron, tantine," akasema. Ndivyo anavyoniita, mimi shangazi yake wa kibandani, tangu akiwa mdogo. "Nilisoma siku ileile Papa alinipa. Si yeye alinifundisha?"

Akanisimulia: siku ile wageni walipokuwa wanakula, aliingia nayo chumbani, akaiwasha, akabonyeza kitufe, akasoma jina lote. Na stika aliijua kwa kona yake, maana alikulia chini ya ukuta ule akifanya kazi za shule. Akaifunga. Akarudi sebuleni, akakukumbatia shingo mbele ya watu wote, akaruka kama mtoto wa miaka mitano, nawe ukacheka mpaka ukakohoa. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekushikia sahani.

Tangu siku hiyo alikuwa anaibeba kila asubuhi, na ni nzito, ili uione inatoka na uione inarudi. Ramani zake alizichorea kwenye kompyuta za chuo, na zile zina foleni, mwanafunzi anangoja mpaka wenzake wamemaliza. Ndiyo sababu alikuwa anafika nyumbani kiza kimeingia. Unakumbuka mlivyomgombeza? Wewe na mama yake mlikuwa mmeshakubaliana kwamba kuna mvulana. Mlimtafuta mvulana huyo mtaa mzima! Naye alikaa kimya akameza.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Aliliona swali langu ni la kijinga, nililisoma hilo usoni mwake.

"Papa alikuwa anafurahi," akasema.

Sikuweza kujizuia. Nililia mbele ya mtoto, mimi mtu mzima, na yeye akanishika bega kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akaisogeza laptopu mbali, machozi yasiingie kwenye kibodi. Mtoto wa fundi ni mtoto wa fundi. Baadaye akaniomba kitu kimoja: "Mama usimwambie, tantine. Bado anajivunia nayo." Nimekubali. Wewe ulisema mwenye mashine ndiye asome, na mwenye mashine amesoma. Mama Neema si mwenye mashine. Kama nakosea, tutakuja kuelewana siku tutakapoonana.

Tukaiwekea Linux nyepesi, ile uliyoipenda kwa mashine za wazee. Umeme haukukatika hata mara moja, jambo ambalo si la kawaida kwetu siku hizi. Iliwaka haraka, ikatulia. Nikamtafutia programu ndogo ya kuchorea mistari, akachora chumba chenye mlango na dirisha, akaniuliza kama ukuta umenyooka. Nikamwambia umenyooka. Kazi ngumu ataendelea kuzifanyia chuoni, lakini za kuanzia anaweza kuzifanya nyumbani, na atakuwa anarudi mapema. Mama yake atasema ni kwa sababu ya i7.

Papa Neema, nimekukosa. Nakukosa asubuhi ninapofungua kufuli na hakuna wa kuniambia nimechelewa. Nakukosa mashine inapokataa kitu na sijui kwa nini, na mkono wangu unakugeukia kabla akili haijakumbuka.

Nakuahidi hili. Nitamjengea Neema kompyuta ya mezani, kipande kwa kipande, kutokana na hizi tulizonazo hapa na nitakazookota, na prosesa nitaitafuta mwenyewe. Itakuwa na nguvu za kweli. Siku ikikamilika nitamkalisha, na hatutaweka kitu ndani yake mpaka amelisoma jina lile kwa sauti, mama yake akiwa amesimama nyuma yetu akisikia.

Wewe usihangaike tena. Ulituacha ukidhani kuna kitu umemficha mwanao. Hakikufichika hata usiku mmoja. Alijua ulichomfanyia, akatoka chumbani akakushukuru, na shukrani ile, Papa Neema, ilikuwa ya kweli yote.

Lala salama.

Zawadi