Mama Mkwe Amemchagua Kenge

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana jambo hili nikimweleza jirani atacheka, na mimi mwenyewe kucheka kumenishinda. Mimi ni mshonaji, nashonea nyumbani, cherehani yangu iko sebuleni karibu na dirisha, mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma na tuna binti wa miaka miwili ambaye kila anachookota anakipeleka mdomoni. Mwaka jana baba mkwe alifariki, tukamleta mama mkwe tukae naye, na tangu aingie mlangoni amekuwa mtu wa "ndiyo", "hapana" na "nimeshiba", basi, hata kama amekula vijiko vitatu, anakaa ameuelekea ukuta, na mimi nakanyaga cherehani kwa nguvu ili nyumba isikike ina watu. Hospitali tulimpeleka, presha nzuri, sukari nzuri, wakasema ni majonzi, tumpe muda.

Sasa mtaani kwetu kuna daktari wa mifugo. Miezi miwili iliyopita nilimpelekea aproni zake alizoagiza, nikaongozana na mama anyooshe miguu, tukakuta uani, ndani ya banda la wavu, kenge, mshauri, kenge mzima, na kwa jicho langu la ushonaji hapungui mita moja na nusu pamoja na mkia, ameachwa na kijana aliyehamia ghorofani kwa mwenye nyumba asiyetaka hata paka. Mimi nilirudi nyuma nusura nimkanyage daktari. Mama akasogea mbele. Akauliza, "Huyu anakula nini?" Hapo nilishtuka kuliko nilivyomshtukia kenge, maana lilikuwa swali lake la kwanza tangu msiba.

Kuanzia siku hiyo kila asubuhi anavaa viatu mwenyewe, tunakwenda. Mama anauliza, ulimi wa kenge mbona umegawanyika? Daktari anamwambia ndio anaonusia, anaonja hewa ajue nani kaja. Akiota jua vile anawaza nini? Daktari anakuna kichwa. Siku moja mama aliomba kijiko, akagonga kopo taratibu nyuma ya mnyama, kenge akageuza kichwa. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. "Unaona? Anasikia! Miaka yote tunawagombeza watoto, wewe sikio la kenge, husikii mpaka utoke damu, kumbe tumemsingizia mnyama wa watu!" Jioni hiyo alimaliza sahani, akaomba kuongezwa.

Baadaye daktari akasema analitaka banda lake kwa mbuzi wagonjwa, anamtafutia kenge makazi. Kwa kuwa alishamjua mama anapenda wanyama, akamwonyesha kobe, akamwonyesha na sungura wawili weupe. Mama akawatazama, akasema, "Mimi nimemchagua yule." Nikamuuliza kwa nini. "Sungura namjua, mwanangu. Yule bado."

Mume wangu aliposikia alitupa glavu chini. "Kwenye nyumba yenye mtoto hakufugwi kenge. Niambie nimekosea wapi." Sikuona alipokosea. Basi mimi, nikijiona mwerevu, nikamwambia mama kuwa kenge ameshachukuliwa na watu wa mbali. Hakuuliza watu gani. Leo ni siku ya tisa amerudi kuuelekea ukuta, kenge bado yuko kwa daktari, na mume wangu asiyejua uongo wangu anasema mama ni umri tu. Nikisema kweli namwingiza mnyama ndani, nikinyamaza nampoteza mama. Nifanyeje?

Mshonaji niliyejishona mwenyewe

MSHAURI ANAJIBU

Pole, Mshonaji, na aibu kwako vilevile. Mama wa watu amefiwa na mume, wewe ukamfishia na kenge! Ulitaka amani ya siku moja, ukainunua kwa sauti yake.

Siku tisa ni nyingi, ndiyo maana nilikupigia simu kabla ya gazeti kutoka, nikakwambia uache cherehani ukaseme kweli saa hiyo hiyo. Wasomaji wajue ulifanya hivyo. Mama alikusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilijua. Ungekuwa unasema kweli ungenitazama." Kisha akauliza viatu vyake viko wapi.

Tuje kwa mumeo, naye asikie. Hajakosea. Kenge ana kucha, ana meno, mkia wake ni fimbo, na uchafu wake unaweza kumfanya mtoto mdogo augue. Anaishi miaka mingi, anataka jua, maji ya kujitumbukiza na udongo wa kuchimba. Sebuleni kwako, kati ya vitambaa na kitoto kinachookota pini, si mahali pake. Lakini nani kasema ukimchagua mnyama lazima mlale nyumba moja? Umenieleza kwenye simu kwamba nyuma ya stoo ya daktari kuna kiwanja kitupu chenye jua. Fundi wa kuchomelea mnaye. Mnangoja nini?

Daktari aende kwanza ofisi ya wanyamapori aulize kama kibali kinahitajika, maana huyo ni mnyama wa porini na wakubwa wana neno lao. Wakikataa, mama aambiwe wazi, na aende yeye mwenyewe kumwona anakopelekwa. Wakikubali, mumeo achomelee banda kiwanjani hapo, liwe na milango miwili. Mama amlishe kwa koleo refu, daktari akiwepo. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla hajambeba mjukuu, na mjukuu asikanyage huko kabisa.

Jana uliniambia mama amemuuliza daktari kama kenge ni dume au jike. Daktari akakiri hajui, kwa kenge ni vigumu kutambua. Mama akamwambia, "Basi tutamwangalia mpaka tujue." Mtu anayesema hivyo ana kazi ya kesho, Mshonaji. Mumeo aache habari za umri, na wakubwa wakikubali achukue vyuma vyake akajenge. Mama akimuuliza jambo, amjibu, na asilolijua aseme hajui, wakatafute wote wawili.