Bibi, Nimtajie Jina Lako?

Bibi yangu wa Mbuji, shikamoo.

Kitukuu wako Agata sasa hivi amejaza mchanga kwenye kiatu cha mgeni, akaupigapiga kwa kiganja, kisha akanitazama kama mtu aliyemaliza kazi anangoja kusifiwa. Nimekikung'uta na kuomba radhi. Mgeni amecheka, "Mwache, dada, hataki niondoke." Lakini ataondoka. Yuko ndani anafunga mizigo. Gari la Mbinga likifika anapanda, na kabla hajapanda anataka jibu langu. Mimi jibu sina. Ndiyo maana nimekaa hapa barazani Kihagara, usipa, dagaa wa huku ziwani, nimeuanika wala sijaugeuza, namwandikia mtu asiyeweza kunijibu.

Mgeni mwenyewe ni binti wa chuo kikuu. Anasomea mila na maisha ya watu, somo linaitwa anthropolojia. Amenirudishia neno hilo mpaka ulimi wangu ukakubali. Anasema wanaosimulia historia ya somo hilo wanawataja wanaume waliosafiri mbali wakaandika vitabu. Wanawake waliowatafsiria, waliowapikia huku wakiwaeleza mambo, hata wake zao waliofanya nusu ya kazi, hao hawasikiki. Hao ndio anaowatafuta yeye. Alifika kwetu Mbuji, wakamwelekeza huku ziwani kwa mjukuu uliyemlea.

Amekuja na kile kitabu. Unakijua, cha yule mzungu aliyekaa pale nyumbani na mkewe kabla sijazaliwa. Babu alikuwa anakiweka juu ya kabati, na kila akija mtu lazima kishushwe. Sisi tuliangalia picha tu, Kiingereza tungekisomea wapi? Jana mgeni amenisomea kwa Kiswahili pale panapoelezwa kilimo chetu cha ngolo. Imeandikwa: mzee Longinus alinieleza kwamba majani yakishalazwa shambani, udongo haurushwi juu yake. Yanafunikwa kama mtoto aliyelala, kuanzia miguuni, polepole, asiamke.

Bibi, nilikusikia unaongea. Nilijiona nakufuata kwenye mteremko na kijembe changu kifupi, babu ameshakata majani, ameyapanga miraba, kaenda zake, na sisi tunachimba mashimo ya ngolo katikati na kuyafunika majani kwa udongo wake, na wewe unanifokea, "Miguuni kwanza! Mbona unamzika?" Sasa babu Longinus alimfunika mtoto gani? Hata mimi nikisinzia mkekani alikuwa anakuita, "Mama Zeno, mtoto huku anapigwa baridi!" na blanketi analo yeye mkononi.

Nikamwambia mgeni ukweli, haya ni ya bibi.

"Kwa hiyo walimnyang'anya? Niandike jina lake?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Maana wewe mwenyewe uliniambia. Nilikuwa darasa la tano, nimejua kusoma majina, nikakutafuta kwenye kitabu nikamkuta babu peke yake. Ulikuwa unapeta maharage. Ukasema aliyekuwa anaandika hasa ni yule mama mzungu. Mumewe alikaa nje na wazee, ila mama alikuwa na wewe shambani, jembe kidogo, kuandika kidogo, viganja vimejaa malengelenge. "Akaniuliza, haya maneno niandike ni ya nani? Nikamwambia, andika ya Longinus."

"Kwa nini, bibi?"

"Ulitaka niseme ya nani? Kahawa ya Longinus, mbuzi wa Longinus. Hata malaria yangu, zahanati waliandika mke wa Longinus. Maneno ndiyo yawe yangu?"

Ukacheka, nami nikacheka. Na sasa mgeni ananiambia hata mama yule hayumo. Mbele ya kitabu kuna jina la mume. Mke ameshukuriwa kule mwisho kwa kuchapa maandishi na kwa uvumilivu wake. Basi sijui. Naye aliulizwa akasema andika ya mume wangu? Au hakuna aliyemuuliza?

Nilimpigia baba mkubwa Zeno, nikidhani atanisaidia. Alipandisha sauti mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. "Mama mwenyewe alikubali! Wewe uliyeolewa huko kwenye samaki, unamjua kuliko sisi tuliotoka tumboni mwake? Unataka marehemu baba aitwe mwongo?" Babu nilimpenda. Mto ulipojaa ni yeye aliyenivusha mgongoni kwenda shule, huku akilalamika kwamba nimenenepa. Nikikupa wewe jina, yeye namvua nguo mbele za watu. Nikinyamaza, wewe unabaki kitabuni picha ya mwanamke aliyeinama, asiye na jina.

Halafu nakumbuka ile siku alipokuja katekista. Babu amefungua kitabu anasema, "Haya yote niliwaambia mimi." Wewe ukaingia na ugali, ukasema taratibu, "Mwambie basi na lile la mbegu, baba Zeno." Babu akakohoa. "Ah, lile refu, mwalimu ana njaa." Jikoni ulicheka mpaka ukakaa juu ya kuni. Kisha ghafla ukanigombeza kwa kuunguza maharage, na maharage hayakuwa yameungua. Nilidhani umezeeka. Sasa sijui ulikuwa unamgombeza nani.

Leo asubuhi nikamwambia mgeni asinisumbue, bibi alichagua mwenyewe. Hakubishana. Akauliza tu, "Na wewe nikuandikeje?"

"Andika Mama Agata, inatosha."

Akaliandika, kisha akainua macho. "Nimesikia. Lakini wewe nikuandikeje?"

Na mara hiyo ya pili, bibi, nilitaja jina langu lote, la nyumbani na la ubatizo, haraka haraka kama mtu anayeogopa litapoa. Nikashangaa. Kumbe nilikuwa nalitaka.

Ndipo nikakumbuka ulivyonifinya kwa jirani, nilipopokea sahani kwa karibu ya kwanza. Njia nzima ulikuwa unanifundisha: ukikaribishwa mara ya kwanza, umeshiba. Mwenye nyumba akitaka ule kweli, atarudia. Hata ukiwa na njaa ya kuanguka, unasema umeshiba na unamtazama. Sisi wote tunajua kurudia. Mama yule mzungu angejuaje? Alitoka kwao ambako mtu akikataa amekataa. Alikuuliza, ukasema ya Longinus, akainama akaandika.

Je, ulimtazama, bibi? Ulikuwa unangoja arudie?

Labda hukungoja. Labda ulimaanisha tangu mwanzo, na mimi ndiye ninayekutafutia njaa usiyokuwa nayo. Kichwa changu kimejaa, nikienda huku naona sawa, nikirudi kule naona sawa. Najua kitu kimoja tu, kwamba umeulizwa mara moja, na leo ya pili imefika umeshalala, na masikio ya kuisikia ni haya yangu. Nikiijibu kwa kunyamaza, itakuwa ni mimi niliyekuficha, sio wewe.

Babu simvui. Atabaki pale alipo, maana ni wewe uliyemweka, kwa mkono wako na kwa kicheko chako. Ila nataka Agata akue asome na wewe, asikie ulivyokuwa unaongea, ajue ametoka kwa mtu wa namna gani. Baba mkubwa atakasirika. Atanipigia simu, nami nitaisogeza simu mbali mpaka amalize, kisha nitamwamkia.

Honi hiyo. Mama mkwe anaita, "Mama Agata! Mgeni anapanda gari, hivi humuagi?" Nakuja, mama! Bibi, naenda kumwambia aandike kwamba maneno yale ni ya Tekla, na kwamba ni Tekla huyo huyo aliyesema yawe ya mumewe, na kwamba alipokuwa anasema hivyo mimi nadhani alikuwa anangoja aulizwe tena.