Kimchi Isiyo na Chaza

Namwon,
4 Desemba 1991.

Wifi yangu mpendwa Gwi-rye,

Habari za huko Ujerumani, na kiuno chako je? Bado unainua wagonjwa wazito kuliko wewe, au wamekupa kazi ya kukaa? Sisi huku tu wazima. Magoti yangu yananung'unika baridi ikiingia, lakini yananung'unika huku yakitembea.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nyumba ilikuwa haikaliki. Tae-seop, mwanangu niliyekuwa nikikusifia miaka yote, alikuwa na mwanamke kule Yeosu bandarini anakofanya kazi. Mjane fulani mwenye mgahawa.

Hakuna aliyemchongea. Alijichongea kwa mdomo wake. Tulikuwa tunakula, akaonja kabichi ya kimchi, akasema, "Mbona ya leo hamkutia chaza?" Wewe umezaliwa nyumba hii, wifi. Sisi watu wa milimani tulitia chaza kwenye kimchi lini?

Yeon-ok mkewe akaweka vijiti chini. "Baba Da-on, mwenye chaza ni nani?"

"Si ni wapishi wa kazini."

"Wapishi ambao juzi ulisema wanawalisha kama mbuzi?"

Njia ya mwongo ni fupi. Asubuhi Yeon-ok alimchukua bintiye Da-on, akaenda kwao.

Mwanangu alidhani nitamtetea. "Mama, mke hutafutwa mwingine." Nikamwambia, "Mke utapata. Mimi mkwe kama huyu nitampata wapi?" Nikamrudisha Yeosu na mabegi yake. Sikufichi, siku ile nililia. Yeon-ok ndiye aliyeniogesha na kunilisha nilipovunjika mguu, na niliona nimempoteza.

Siku ya kutengeneza kimchi ya majira ya baridi ilipofika, nikapanda basi hadi kwao. Sikumwombea mumewe msamaha. Nilisema tu, "Mwanangu, kabichi zimeshalowekwa chumvi, na viungo mwaka huu siweki mimi. Unaweka wewe." Unakumbuka marehemu mama yako aliponikabidhi mimi kazi ile. Ndiyo siku niliyoacha kuwa mgeni kwenu.

Akaja na mtoto, akabaki. Akachanganya viungo, akakunja jani la kwanza, akanilisha kwa mkono wake. Pilipili ilizidi kidogo, nikaomba jani la pili.

Jioni Tae-seop naye huyo, na ndoo zake, kuchukua fungu lake kama kila mwaka. Yeon-ok alizipokea bila ugomvi, akazijaza mpaka juu. Mwanangu akaanza kutabasamu, mpaka alipochungulia ndani. Kabichi ya chumvi tupu, nyeupe, haina hata pilipili.

"Akakukolezee mwenye chaza," Yeon-ok akamwambia, akarudi kwenye mitungi yake. Majirani waliokuja kutusaidia walicheka mpaka wakakaa chini.

Da-on anakusalimu, ameng'oka jino. Shemeji yako wa Jeonju anakusalimu pia. Mtungi wako wa kimchi nimeufukia pale pale uani, unakusubiri ukija. Wazee wetu waliotangulia wakutunze huko ugenini, na ule ushibe.

Nilikuwa nimeshaifunga barua, nimeifungua tena. Leo Tae-seop amerudi na ndoo zile zile, kabichi haijaguswa, anasema ya Yeosu yamekwisha. Amesimama langoni kwenye theluji. Yeon-ok amezitazama ndoo, akaniambia, "Mama, ndoo ziingie. Yeye bado."

Wifi yako asiyekusahau,
Bok-nam