Lori Lililofika Garsen Bila Danieli

Kilindini, Mombasa

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama na wote walio nyumbani Ngao. Mimi mwili ni mzima, nala, nafanya kazi, mgongo tu ndio unaolalamika. Je, Mama amerudia kula? Na maji ya mto yameshuka, au mpunga bado umezama? Nijibu hayo hata kama hutaki kunijibu mengine.

Dereva wa lori amerudi, akanipa maneno yako: "Mwambie Yona kaburi la kaka yake liko wazi." Akanieleza pia mlivyosimama barabarani Garsen tangu asubuhi, na Mama alivyolikimbilia lori kabla halijasimama, akapanda gurudumu, akafunua turubai. Akakuta magunia ya chumvi. Dereva ni Mgiriama, mtu mzima, na alipokuwa akinisimulia alikuwa akitazama viatu vyake.

Una haki ya kujua kwa nini, Baba, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Danieli aliuawa na kamba. Tangu mvua za mwaka jana, yeye kama mkubwa wa chama chetu cha makuli alikuwa akiwaambia wenye kampuni kwamba kamba za kuteremshia mizigo zimechakaa. Wao wakamjibu kwamba kamba ni nzima, kilichochakaa ni subira yao. Siku ile magunia ya sukari yalikuwa yakiteremshwa tumboni mwa meli, naye akasikia kamba ikilia. Akawafukuza wenzake kwa matusi yake unayoyajua, wakakimbia. Yeye akabaki akimvuta mzee mmoja aliyezubaa. Mzee yupo, jana nimemwona anakula mihogo. Danieli tulimtoa chini ya sukari.

Kesho yake Bwana mkubwa wa kampuni akaja bandarini, kofia mkononi. "Mimi nasikitika," akasema. "Danieli mtu mkaidi sana, lakini mtu. Mimi natoa lori, peleka yeye kwao." Lori nikaliona kwa macho yangu, limeoshwa. Lilikuwa na safari yake ya kupeleka chumvi Garsen na kurudi na ngozi, kwa hiyo huruma ya Bwana haikumgharimu hata tone la petroli. Lakini mimi ningempakia ndugu yangu hata katika lori la shetani, mradi afike. Ndipo nikamtuma mtu wa basi awaambie mchimbe.

Mchana chama kikakutana. Rajabu, karani wetu, akapanda juu ya kasha.

"Ndugu zangu, marehemu alitufundisha nini juu ya zawadi ya tajiri?"

"Hatupokei!" wakanguruma.

"Hata sigara?"

"Hata kiberiti!"

Nikasimama. Nikasema, "Jamani, huyu ni kaka yangu, tumbo moja. Mama yake anamngoja. Maiti hahongeki. Atawauza vipi naye amekufa?"

"Pole sana, ndugu Yona," Rajabu akasema, na alikuwa analia, sitamsingizia. "Lakini kesho kampuni itasema, hata Danieli mwisho wake alipanda lori letu. Tupige kura. Yako ni moja, kama ya mtu yeyote. Ni nani aliyetuwekea sheria hiyo?"

Aliiweka Danieli. Katika mgomo uliopita nilimwomba, kama kaka, aniruhusu nirudi kazini kwa sababu mke wangu alikuwa mgonjwa. Akaniambia niinue mkono mbele ya wote kama wengine. Nikainua, nikashindwa, naye akacheka, jioni akatuletea uji.

Basi mikono ikainuka kama matete kulikataa lori. Hata vijana wa kijiji cha Wema kule kwetu, waliolelewa kwa wali wa Mama, wakainua. Penye wengi hapaharibiki neno, walisema wahenga. Wahenga hawakuwahi kuwa wanachama.

Tulimzika huku huku, na mtu wa basi alikuwa amekwisha kuondoka na habari yangu ya kuchimba. Kifo cha wengi harusi, na ile ilikuwa harusi kweli, maana makuli walijaa mpaka askari wakaja na marungu yao kutusimamia, kwa sababu ya hizi siku za hali ya hatari. Rajabu akahutubia. "Danieli hakufa!" akapaza sauti, watu wakashangilia. Baba, mimi ndiye niliyeshika miguu yake. Alikuwa amekufa.

Juzi kamba zimebadilishwa, zote, mpya, bado zinanuka katani. Wenzangu wanazishika na kusema, hii ni kamba ya Danieli. Nami nazishika kwa sababu ni kazi.

Nimewachukia, na chuki yangu haina pa kukaa, kwa maana najua jambo moja. Kama maiti ingekuwa ya mtu mwingine, Danieli angekuwa wa kwanza kuinua mkono. Angemwambia ndugu wa marehemu pole sana, na mama wa watu angengoja barabarani vile vile. Ndivyo alivyokuwa mwanao, na watu elfu walimpenda kwa hilo. Mimi nilimpenda kwa ule uji.

Nisalimie Mjomba Elia, aliyechimba kwenye tope lile kwa mikono yake, umwambie kazi yake haikupotea. Nisalimie Shangazi anayelala na Mama siku hizi, asimwache peke yake. Na mwalimu wa kanisa umsalimie, ingawa atanung'unika kwa hili ninalowaomba.

Kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu. Wewe ndiye uliyenifundisha, kwamba lisipopewa mtu hupewa mgomba, lisije likaita mwingine wa nyumba ile. Basi kateni mgomba, mwuvike shuka, mwuteremshe polepole, na Mama aulilie kama apendavyo. Lakini usikate ule uliokwisha kuzaa. Najua mkulima hafanyi hivyo, najua mkono wako utakataa panga. Danieli hakuacha mtoto, Baba. Kata ambao bado haujatoa mkungu.

Mwanao uliyebakiwa naye,
Yona